Msiwaonee Wageni wa Arles

Wanaosema mji wa Arles haujui kuenzi wasanii wana wivu tu. Mwaka 1889 majirani walimwandikia meya barua, mchoraji Van Gogh aondolewe mtaani. Leo uso wake, kwa heshima zote, umechapwa kwenye soksi na sumaku za friji. Fadhila gani tena?

Na mgeni anayeshuka melini mto Rhône naye mwacheni. Uwanja wa michezo wa Arles, Warumi waliuzungushia mawe watu 20,000 wakae kutwa. Yeye anaumaliza kwa dakika kumi, kisogo kwenye matao, macho kwenye simu. Kisha anaipiga picha Nyumba ya Manjano alikoishi Van Gogh, iliyopigwa mabomu mwaka 1944 kisha ikabomolewa. Wengine tungeona barabara tupu. Yeye anauliza nywila ya intaneti.