Mwezi Haukuwemo Kwenye Hojaji

Darasani bei ya dagaa ni herufi P. Imetulia, haina harufu, haikudai nauli. Ndivyo tunavyosoma sisi wa uzamili wa uchumi wa takwimu na milinganyo: ukisema njaa, mwalimu anauliza umeipima kwa kizio gani.

Nikashuka Musoma, mwalo wa Mwigobero, alfajiri, na hojaji ya kurasa kumi na moja. Mitumbwi imepumzishwa ufukweni, wavuvi wanashona nyavu. Siku tatu mfululizo nikajaza: mavuno, sifuri. Usiku nikaanza kuandika sura nzima juu ya kuporomoka kwa uvuvi wa Ziwa Victoria.

"Shikamoo mama. Mbona hawaingii ziwani?" nikamuuliza muuza dagaa mmoja.

"Marahaba. We mura, usiku hutoki nje?"

Nilikuwa nimetoka. Mbalamwezi ya kuokotea sindano. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Hufuata mwanga, wakazungushiwa nyavu. Mwezi ukipevuka, taa ya mvuvi ni kama tochi mchana, basi watu wanapumzika na bei inapanda. Kila mtoto wa Mwigobero analijua hilo. Mlinganyo wangu ulikuwa na mvua, mafuta na riba za benki.

Nikahamia swali la kilo. Mama yule anauza kwa sado, kopo la rangi lililostaafu kazi ya ukuta, kisha anatupia nyongeza kwa mkono.

"Nyongeza hiyo ni gramu ngapi, mama?"

"Inategemea mtu kasalimiaje."

Akaniuliza kama nimewahi kuuza chochote, hata nyanya. Mwaka 1974 TANU ilikutana hapahapa Musoma ikaazimia, pamoja na mengine, kwamba kijana afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Mimi nimeunganisha kutoka chekechea hadi uzamili bila kushuka kituoni, na azimio hilo nililiona la kizamani mpaka asubuhi ile.

Bunda, kwa wakulima wa pamba, nilichomekea shati nikabeba begi la karatasi. Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. "Mwenye nyumba hayupo," aliniambia mwenye nyumba. Jioni mwendesha bodaboda akanifafanulia: kijiji kizima kilidhani nimefuata marejesho ya mikopo ya kausha damu.

Nikakimbilia Butiama kwa shangazi. Ukikaa Butiama huwezi kujivunia masomo. Mwalimu Nyerere alirudi na M.A. ya Edinburgh ya mwaka 1952, na uchumi ulikuwa miongoni mwa masomo yake. Shangazi hakunionea huruma.

"Mwenzio alikuja na digrii, tukapata uhuru. Wewe umekuja na karatasi, na udaga wa ugali umepungua."

Sasa tasnifu ina safu mbili mpya, ya mbalamwezi na ya salamu. Msimamizi wangu ameandika kwamba anaitaka mwisho wa mwezi. Sijamuuliza mwezi upi.