Namna ya Kutamani Malezi ya Zamani Bila Kujiaibisha

Anza kwa kutafuta hadhira. Kijana aliyekusalimu "mambo" badala ya "shikamoo" anatosha kabisa. Tazama dari, shusha pumzi, sema, "Enzi zetu..." kisha nyamaza kidogo. Akinyanyua macho kwenye simu, umempata.

Nguzo ya simulizi ni viboko. Kanuni za Tanzania za mwaka 1979 ziliruhusu shuleni visivyozidi 6, tena viandikwe kitabuni. Mwaka 2002 vikashushwa hadi 4. Wewe achana na kanuni. Taja 12, na kila mwaka ongeza viwili kufidia mfumuko wa bei. Eleza ulivyotumwa ukakate fimbo mwenyewe, ukaleta nyembamba, ukarudishwa. Cheka. Neno "niliogopa" lisikutoke. Na yule mwenzenu aliyekimbia shule kwa hofu ya kipindi cha hesabu usimtaje, anaharibu hadithi.

Kwenye kutumwa dukani, punguza mwendo, maana pana utamu. Mama anatema mate kwenye udongo mbele ya mlango: "Nenda urudi kabla hayajakauka." Unatoka mbio peku, sarafu umeifumbata mpaka kiganja kinatota jasho. Unapimiwa robo lita ya mafuta ya taa, chupa inazibwa kwa gunzi, unarudi unahema na kuinama kuyakagua mate. Bado yapo? Siku za masika ndizo zilikuwa za amani.

Kisha mlete jirani. Alikukuta unapopoa embe zake, akakuchapa, akakupeleka kwenu. Mama akamshukuru, naye akakuongeza. Usifie sana utaratibu huo. Ila mwanao afungiwe nyuma ya ukuta wenye waya wa umeme, na jirani akithubutu kumkanya tu, mfikishe kwa mwenyekiti wa mtaa. (Mimi naona tunachokitamani si fimbo hata kidogo. Ni ule mtaa uliojua jina lako, kwenu ni wapi, na mchana umekula kwa nani. Tatizo, mtaa wa namna hiyo unakudai nawe uwalishe watoto wa wenzio. Fimbo haidai kitu, unaikata tu mtini.)

Ukifika kwenye maadili uliyobaki nayo, taja heshima, subira na foleni. Foleni usiiache. Waeleze watoto jinsi mwanzoni mwa miaka ya 80 watu walivyopanga mstari alfajiri kungoja sukari na sabuni, na mtu akiweka jiwe kushika nafasi yake, hakuna aliyelisogeza. Wakati mzuri wa kusimulia hili ni asubuhi mkiwahi shule, gari likiwa pembeni ya Barabara ya Morogoro unatanua kukwepa msongamano.

Hatari iliyobaki ni bibi yao. Huyo mwenye mate ya mlangoni siku hizi anampa mjukuu soda kabla ya chakula, na mtoto akimwaga juu ya kochi anaambiwa pole. Akikusikia umefika kwenye kiboko cha 20 atauliza mbele ya wote, "Mimi? Nilikuchapa lini?" Usimbishie. Umelelewa vizuri.