Ngozi au Kitambaa

Houston, Texas

Mjomba, shikamoo. Mama, shikamoo. Shangazi zangu wote wa Ngamiani, Barabara ya 12, Tanga, shikamooni, gawaneni msigombanie. Sisi huku hatujambo. Hofu na mashaka, kama tulivyofundishwa kuandika shuleni, ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yetu, ingawa simu ya video ya juzi ilinionyesha Mjomba akikomba sahani ya pili ya ubwabwa, nikaona hofu nayo ina kiasi chake.

Dhumuni la waraka huu ni gari. Tumenunua pikapu, Ford F-150. Najua Mjomba ameshauliza mbele za watu kama nimevuka bahari nije kubeba machungwa ya Muheza. Mjomba, pikapu ya huku si ile. Ina milango minne, inakaa watu watano bila kubanana, na wenyewe wanaendea harusi na ibada. Pikapu za Ford za jamii hiyo ndizo zinazoongoza kwa mauzo kati ya pikapu zote za Marekani tangu 1977, na nyingi ninazoziona barabarani hazijawahi kubeba hata tenga la nyanya. Yangu angalau ina kazi: mchana inabeba vyombo vyangu vya kutengenezea viyoyozi, jioni inabeba mama watoto na wanawe watatu. Hapo ndipo palipoanza ugomvi wa viti.

Gari lile, F-150, lina madaraja kama treni yetu ya zamani. Daraja liitwalo XLT lina viti vya kitambaa. Ukitaka ngozi unapanda hadi Lariat, ambalo maana yake ni kamba ya kunasia ng'ombe, na jina hilo lilipaswa kunizindua mapema. Kwa sababu ngozi haikuja peke yake. Nilimuuliza muuzaji bei ya ngozi tu, akanitajia bei ya ngozi pamoja na spika, taa, kioo kikubwa cha kugusa na mambo mengine ambayo sikuyaomba. Ni sawa na kwenda sokoni kununua ndimu ukaambiwa ndimu inauzwa pamoja na duka. Juu zaidi kuna daraja la King Ranch, lililopewa jina la ranchi ya kweli hapa kusini mwa Texas, iliyoanzishwa 1853, yenye ekari 825,000. Piga hesabu: ni kama Unguja mbili, na wana hata aina yao ya ng'ombe, Santa Gertrudis. Viti vyake vina rangi ya tandiko la farasi na alama ya ranchi. Nilivikalia dakika tatu, nikaombwa namba ya simu mara nne.

Mimi nilitaka kitambaa. Ni bei nafuu, na Agosti hapa nyuzi 35 ni siku ya kawaida, na unyevu wake ni wa Tanga bila ule upepo wa bahari. Mtu anayeshinda juu ya mapaa akihangaika na viyoyozi vya watu haoni raha kurudi kukalia kikaango. Lakini mke wangu alikuwa na neno moja tu: changu.

Labda hamkuelezwa. Idi ya mwaka juzi tulipakia sufuria ya mchuzi wa changu wa nazi kwenye gari letu la zamani, lenye viti vya kitambaa. Mtu mbele yetu akafunga breki, nami nikafunga, changu hakufunga. Mchuzi ukazama kwenye kitambaa, ukapita, ukafika kwenye sponji, ukahamia humo na familia yake. Tulijaribu siki, limau, sabuni, udi. Udi ndio ulioharibu kabisa, maana gari likawa linanuka kama harusi iliyofanyiwa dikoni. Siku nilipoliuza, mnunuzi alivuta pumzi, akanitazama, akapunguza dola mia tatu bila kusema kitu. Sikubisha.

Basi tulipofika kwa muuzaji nikampigia Mjomba simu, kwa kuwa yeye ameshona makochi na viti vya daladala tangu sijazaliwa, na sikutaka kuuziwa reksini kwa bei ya ng'ombe. Mjomba akaniambia nifinye. Nikafinya. Nusa. Nikainama nikanusa kiti cha gari la watu, muuzaji akasogea kando kwa heshima, nadhani alidhani nasali. Kisha Mjomba, sauti ikiwa imefunguliwa wazi, akasema: "Sasa toa kiberiti. Ngozi ya kweli inanuka nywele zilizoungua, plastiki inayeyuka." Na kwa kuwa Mjomba husisitiza kwa vitendo, akawasha chake kule Tanga, akakisogeza kwenye kamera.

Muuzaji hajui Kiswahili. Moto anaujua.

Alipotulia akakiri mwenyewe, bila kuchomwa: ng'ombe yupo pale tu unapokalia na unapoegemea. Ubavuni na mgongoni mwa kiti ni plastiki. Na huyo ng'ombe mwenyewe amepakwa tabaka la rangi na plastiki ili jasho lisimwingie, kwa hiyo unachogusa hasa ni rangi. Mjomba alicheka hadi kiberiti kikamuunguza kidole. Akasema: "Mpwa, unanunua koti la ng'ombe lililovaa koti la mvua." Mke wangu akasema koti la mvua ndilo analolitaka. Tukasaini ngozi.

Viti vya mbele vina vitundu vidogo, na chini yake kuna feni. Unabonyeza kitufe, kiti kinakupoza. Mimi kama fundi wa baridi nilikiona kifaa cha maana. Mama aliposikia akatuma ujumbe wa sauti wa dakika sita: kiti kinachopuliza makalio kitaniletea ngiri, na mke wangu chango, na mjukuu mwingine tusahau. Tangu hapo kitufe hicho kinabonyezwa kwa siri, Mama asipokuwa hewani. Tatizo la vitundu si ngiri, ni kashata. Sukari yake inaingia tundu kwa tundu kama imepimwa. Jumamosi moja nilimkuta mke wangu amepiga magoti mlangoni, ameshika pini, anachokoa.

Nyuma hakuna feni. Mkubwa wetu, miaka kumi, alipanda na kaptura baada ya mpira, nikasikia mlio ambao sijausikia tangu jando. Siku hiyohiyo kanga ikatandikwa. Kanga juu ya ngozi ni utelezi mtupu: breki moja, mtoto na kanga wako sakafuni. Wale wawili wadogo hawateremki, maana sheria ya Texas inamtaka mtoto aliye chini ya miaka minane, na hajafika futi nne na inchi tisa, akae kwenye kiti chake maalumu. Viti hivyo vinabonyeza ngozi ikabaki na mashimo, kwa hiyo chini yake tumetandika mpira. Kwa hiyo ng'ombe yupo chini, juu yake mpira, halafu kiti, halafu mtoto, halafu makombo ya andazi. Nailoni iliyokuja na viti vya mbele haijatolewa yote. Mke wangu anasema ataitoa Idi. Hakusema ya mwaka gani.

Nafika sasa kwa Mama. Kumbe nilipowatumia swali la "ngozi au kitambaa" kabla ya kununua, Mama alielewa neno moja tu, la mwisho. Mgeni aliyetoka Dar wiki iliyopita akanikabidhi mfuko: vitambaa kumi vya kufuma, vyeupe, pindo za waridi, vimepimwa kwa kochi la sebuleni kwetu. Vimekaa kwenye viegemeo vya vichwa kana kwamba gari lilizaliwa navyo. Mke wangu alilia kidogo. Mimi niliogopa kwenda kazini.

Na kweli, mzee mmoja kazini, wa viatu vya ng'ombe na kofia pana, aliingiza kichwa dirishani, akakishika kimoja, akakigeuza kuangalia nyuzi za nyuma kama Mjomba akaguavyo. Nikajiandaa. Akauliza vinapatikana wapi.

Mama, ana pikapu ya viti vitano, anataka vitambaa kumi, rangi ya chungwa iliyoungua, ndiyo rangi ya chuo alichosoma, Austin. Nauli ya mgeni atalipa yeye. Aliuliza pia kama inawezekana kuwekwa kichwa cha ng'ombe mwenye pembe ndefu. Nimemwambia unafuma waridi na bata tu. Amesema bata ni sawa.

Wasalaamu,
mwanenu.