Tatu, Tatu, Mpaka Nyumbani
Siku hizi kila kijana wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi wilayani Dowa, Malawi, ni Stephen Curry, yule mfalme wa pointi tatu wa Golden State. Akivuka tu nusu ya uwanja, anafyatua ya pointi tatu. Mpira unagonga chuma, unarukia vumbini, naye anautazama upepo wa Dowa kana kwamba umemkosea adabu. Mwulize kwa nini, atasema: kwa tatu hizo Golden State walitwaa ubingwa wa NBA 2015, Boston 2024. Kweli kabisa. Ila hakuambii kwamba hao walijua pia kukaba. Wala hakutajii Houston, ambao mwaka 2018, mchezo wa 7 wa fainali ya Kanda ya Magharibi, walikosa mitupo 27 ya pointi tatu mfululizo, wakafunga virago. Mdogo wangu, mkishuka Lilongwe kucheza, nauli mmelipa kwa jasho. Basi walau mara moja, sogea chini ya kikapu.