Mbio za Kompyuta ya Ofisini

Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 iliundwa iandike barua za ofisini. Imemaliza utumishi Ulaya, ikapitia Kariakoo, sasa iko Bagamoyo ikihariri video za harusi. Mwenyewe kaamua kuiongezea mwendo hadi gigahazi 4.5.

Ndani mara nyingi mna prosesa ya Core i5-3470: gigahazi 3.2, ikijikaza 3.6. Jina lake halina herufi K mwishoni, yaani Intel walishaifunga kiwandani. Bayosi ya Dell nayo haina hata pa kubonyeza ili kuongeza mwendo. Mwenyewe anaingia, anatoka, anawasha upya, anaingia tena, kama abiria anayemhimiza dereva wa basi lenye kidhibiti mwendo.

Anapakua programu ya “kuongeza spidi”. Mashine inazidi kuwa nzito.

Kasha likifunguliwa (hatimaye!), feni imevaa vumbi, pesti ya prosesa imekauka, na upepo wa bahari umeshaacha chumvi yake. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe, bila kuomba kibali. Basi mtafuta gigahazi 4.5 hazipati hata zile 3.2 alizouziwa.

Pesti mpya na diski ya SSD zingemtosha kabisa; ila brashi ya vumbi haitambiwi kijiweni.