Namna ya Kusomea Nyota na Kompyuta kwa Mpigo

Anza na familia, maana mtihani wao hutangulia ule wa chuo. Ukitangaza nyumbani kwamba unataka shahada ya sayansi ya kompyuta na astronomia kwa pamoja, kompyuta itapigiwa vigelegele, nyota zitaulizwa maswali. "Kwa hiyo mwanangu utatupigia ramli?" Usinune. Jibu kwa adabu, "Hapana mama, sitamwagulia mtu," kisha wape habari ya Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea siku ya uhuru wake, satelaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na mji huo. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani, nayo ikaitwa Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kuwafanya wanasayansi waishuku Cygnus X-1, chanzo kimoja cha eksirei hizo, kuwa shimo jeusi. Hapo hata mjomba aliyekuwa akisinzia atataka kujua zaidi.

Sasa tafuta chuo. Kwingi utachukua masomo mawili uyaunganishe mwenyewe, lakini Chuo Kikuu cha Illinois, mjini Urbana, Marekani, kimeyatia katika shahada moja. Ukifika pale, usipite mbele ya kituo cha zamani cha kutazamia nyota, kilichojengwa 1896, bila kuingia. Humo Joel Stebbins alianza, mnamo 1907, kupima mwanga wa nyota kwa kifaa cha seleniamu, ambayo hupitisha umeme zaidi ikimulikwa. Mwaka 1910 akanasa kwa kifaa hicho kufifia kudogo mno kwa nyota iitwayo Algol, pale inapomfunika mwenzake hafifu. Jicho halikuwahi kulithibitisha jambo hilo. Mwanga ulikuwa umegeuka umeme, na umeme namba. Shahada yako nzima imetoka hapo.

Kuhusu kalkulasi, fizikia, miundo ya data na algoriti sina la kukufundisha ila moja: kesha. Takwimu uipende kuliko zote, maana ndiyo itakayokwambia kama ulichokiona kipo. Jifunze Python na maktaba yake ya Astropy, na uzoee faili za FITS, ambamo wanaastronomia huhifadhi picha pamoja na maelezo ya lini na kwa darubini ipi zilipigwa. Soma maelezo hayo kabla ya kuitazama picha. Wengi huyaruka, na wengi hujuta.

Usijiandae kuwa mtu wa kuchungulia darubini usiku kucha. Kituo cha Vera C. Rubin huko Chile, kilichotoa picha zake za kwanza Juni 2025, kina kamera ya megapikseli 3,200 na kimekusudiwa kukusanya takriban terabaiti 20 kila usiku. Hakuna jicho la kuzitazama zote. Itabidi programu zitazame kwanza, na mtu wa kuandika programu hizo ni lazima ajue nyota inavyofifia, sayari ndogo inavyosogea, na satelaiti inavyochora mstari katikati ya picha. Hata hivyo toka nje. Urbana imezungukwa na mashamba ya mahindi na soya. Muombe mwenye gari akutoe mjini, kaa gizani mpaka macho yazoee, uitafute Kilimia. Anayezijua nyota kwa safu za namba tu hupitwa na makosa ambayo mtu aliyewahi kuinua kichwa angeyagundua mara moja.

Kazi? Nafasi za uprofesa wa astronomia ni chache, na ni haki yako kuambiwa mapema. Lakini aliyezoea kuchuja ishara dhaifu katika lundo la data hatalala njaa.

Zaidi ya yote, jifunze kushuku, na hili ndilo ningekushika mkono nikuambie. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza huko West Virginia, David Narkevic, alipewa na mwalimu wake, Duncan Lorimer, data za zamani za darubini ya redio ya Parkes, Australia. Ndani yake alikuta mpigo wa tarehe 24 Julai 2001 uliodumu chini ya milisekunde 5. Masafa ya juu yalitangulia kufika na ya chini yakachelewa, kama inavyotokea mawimbi yakipita katika elektroni zilizotapakaa angani, na ucheleweshaji wenyewe ulikuwa mkubwa mno kusababishwa na galaksi yetu pekee. Habari ikachapishwa 2007. Kisha darubini ileile ikaonekana kunasa mipigo mingine iliyofanana nao, ila hii iliingia katika njia zake zote 13 za kupokelea kwa wakati mmoja, tena saa za mchana, dalili ya kitu cha hapa duniani. Shaka ikauangukia hata ule wa kwanza.

Mwaka 2015 Emily Petroff na wenzake wakamkamata mkosaji: maikrowevu ya kituoni, watu walipofungua mlango kabla haijamaliza kupasha chakula. Mpigo wa Narkevic ulinusurika, na leo mipigo ya aina yake imeshapatikana kwa maelfu. Zingatia kilichoutenganisha ukweli na jiko. Ilibidi watu wajue jinsi mawimbi yanavyosafiri angani, na pia wajue programu ilikuwa inahesabu nini na kutupa nini. Mwenye elimu moja kati ya hizo angekwama katikati.

Kwa hiyo usingoje mwaka wa mwisho. Wiki zako za mwanzo, bisha hodi kwa mwalimu mwenye data za zamani ambazo hazijapata wa kuzipitia upya, kwani karibu kila idara inazo. Omba ruhusa ya kuingia katika seva na faili moja tu ya kuanzia. Ukiona ndani yake kitu cha ajabu, ulizia kwanza jiko liko wapi.