Adhabu ya Mlipaji

Mwaka 2005, kampuni ya Sony BMG ilificha programu kwenye sidii zake ili wateja wasinakili nyimbo. Mmarekani aliyelipa bei halali akaitia sidii kwenye kompyuta, akawa amewafungulia virusi mlango. Aliyenunua ya magendo? Salama salimini. Wanunuzi wakaja juu, kesi zikafunguliwa, kampuni ikaziondoa sidii hizo sokoni.

Miaka mitatu kabla, kinga nyingine ya sidii ilishindwa na maka peni. Ndiyo, maka peni.

Tanzania ikachagua gundi: kuanzia 2013, Mamlaka ya Mapato (TRA) ilitaka sidii za muziki na filamu zibandikwe stempu ya kodi. Stempu, angalau, haiharibu kompyuta ya mtu. Ila kijana wa Muheza, chungwa mkononi, anajaziwa nyimbo kwenye flashi, na flashi haibandikwi stempu.